« Indépendant » ku kibao: nani anakulipa?

Neno « indépendant » ni mwepesi kuandika. Komite, koperative, laboratwari, kila mmoja analipenda. Lakini mchimbaji mwenye kufika na mifuko yake anataka kujua kitu kimoja: wewe unayepima mawe yangu, nani anakulipa?

Tunajua namna inaendaka ku madepo mengi. Mashini ya kupima tenere iko mkononi mwa mnunuzi. Yeye anapima, yeye anasema asilimia, yeye analipa. Tenere ikishuka kidogo, franga ya unga nayo inashuka. Ndiyo sababu watu wanalilia laboratwari isiyo ya mnunuzi. Sasa, hiyo itajitambulisha kwa neno gani?

Kiswahili kina maneno mawili, na yote yanateleza. « Huru » linatukumbusha 30 Juni 1960. Ku kibao cha laboratwari linakuwa kama koti la baba juu ya mtoto. « Kujitegemea » ni kusema mtu anakula jasho lake, lakini mwenye kujitegemea anaweza vilevile kuwa shemeji ya mnunuzi.

Afazali kuandika wazi: « Laboratwari hii si ya mnunuzi yeyote. Mwenye mawe ndiye analipa kupimisha. Bei ni ile ile, tenere ikiwa juu ao chini. » Na kama mnunuzi ndiye alikopesha mashini? Iandikwe palepale, kwa herufi za ukubwa ule ule. Ni pale wengi wananyamaza.

Kuko mfano mkubwa. Congo iko ndani ya ITIE, mpango wa kutangaza makuta ambayo makampuni ya madini yanalipa Serikali. Katika ripoti zake, « Administrateur Indépendant » analinganisha pande mbili: kampuni inasema imelipa ngapi, Serikali inasema imepokea ngapi. Lakini ripoti za namna hiyo huandika pia kwamba kazi hii si ukaguzi kamili wa hesabu. Ni kusema, kama pande zote mbili zimeficha franga ile ile, kulinganisha peke yake hakutaionyesha. Sentensi hiyo fupi inamsaidia msomaji kuliko neno « indépendant » lenyewe.

Basi wewe wa koperative, uliza sekretere wenu: mashini ni ya nani? Mshahara wa mpimaji unatoka wapi? Na tukikosana juu ya tenere, nani anapima mara ya pili? Kama jibu la tatu ni « mnunuzi », kibao kipakwe rangi upya.