Ujuzi wa Hospitali Usiondoke na Mstaafu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yaihusu hospitali pia, kwa maana mali yake kubwa si majengo wala mashine, bali ni ujuzi wa wahudumu wake.

Sisi wa Lisekese tunaishi katika nchi yenye historia ndefu ya utabibu wa kimisionari. Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, na leo hospitali yao ni ya rufaa. Daktari Leader Stirling, Mwingereza aliyefika Masasi mwaka 1935, aliwafundisha wauguzi wenyeji huko Lulindi, na baadaye akawa Waziri wa Afya. Aliandika kumbukumbu zake, na kwa sababu hiyo twajua alivyofanya kazi. Wengi wa wauguzi waliomsaidia hawakupata nafasi hiyo. Waliyoyajua walizikwa nayo.

Je, siku hizi hatuna takwimu? Tunazo. Vituo vya afya hujaza vitabu vya MTUHA, na vingi vina kompyuta. Lakini takwimu hutueleza lililotokea; mara nyingi hazituelezi sababu yake. Tuchukue mfano wa mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Dawa ya oksitosini, inayosaidia kuizuia damu hiyo, kwa kawaida huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Rejista yaweza kuonyesha kwamba mama alichomwa sindano na damu haikukoma. Mkunga wa zamu ndiye ajuaye kwamba umeme ulikatika kwa muda mrefu na jokofu likapata joto. Asipoulizwa, au akihamishwa kabla ya kusema, mama mwingine atakabiliwa na hatari ileile.

Mfumo wa kutunza maarifa ni utaratibu wa kulipokea neno la mkunga huyo, kulipima kwa wataalamu, kuliandika kwa lugha nyepesi na kulifikisha kwa kila zamu. Kompyuta hurahisisha kazi hiyo, lakini chanzo chake ni makabidhiano ya zamu na kikao cha asubuhi, mahali ambapo kasoro hutajwa ili isahihishwe, si ili mtu aaibishwe. Aidha, dhamiri na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zatudai kulinda siri ya mgonjwa. Basi somo liandikwe, jina lake lisiandikwe.

Kumpenda mgonjwa ni pamoja na kumtunzia ujuzi utakaomwokoa. Kwa hiyo, kabla muuguzi mkongwe hajaagwa kwa nyimbo na zawadi, aketi kwanza na vijana wanaobaki, na mmoja wao awe na kalamu mkononi.