Je, Wajua? Kuhani Mkuu Asiyetoka Kabila la Lawi
Miongoni mwa vitabu 27 vya Agano Jipya, ni Waraka kwa Waebrania pekee unaomwita Yesu waziwazi kuhani mkuu. Kwa kuwa Torati iliwapa ukuhani wana wa Haruni, wa kabila la Lawi, ilhali Yesu alitoka kabila la Yuda, waraka huo unautegemeza ukuhani wake kwenye Zaburi ya 110, inayotaja ukuhani wa milele kwa mfano wa Melkizedeki, mfalme wa Salemu aliyembariki Ibrahimu. Makuhani wa Kilawi walisimama kila siku wakirudia dhabihu zilezile. Kristo, akiisha kujitoa mara moja tu, aliketi mkono wa kuume wa Mungu, ambako huendeleza maombezi, yaani kuwaombea daima wanaomjia Mungu kupitia kwake.