Kasi, Utendaji na Thamani: Istilahi za Kutathmini Kichakataji cha Kompyuta

“Kompyuta ziwe na kichakataji chenye kasi kubwa na thamani nzuri.” Sentensi ya namna hii si ngeni kwa mfasiri wa hati za zabuni. Kisarufi haina kosa. Hata hivyo, muuzaji aweza kudai ameitimiza kwa kichakataji chochote alicho nacho ghalani, na mnunuzi asiwe na hoja ya kumjibu. Maneno kasi na thamani, kama yalivyotumika hapo, hayapimiki. Na kisichopimika hakidaiwi. Katika makala haya tunakusudia kuyachambua maneno hayo na kupendekeza namna ya kuyatumia.

Ili maelezo yetu yasielee hewani, tutachukua mfano wa vichakataji viwili vya kompyuta za mezani ambavyo kampuni ya AMD ya Marekani iliviingiza sokoni Novemba 2020. Cha kwanza, Ryzen 9 5950X, kilikuwa cha daraja la juu na bei yake ilitangazwa kuwa dola 799. Cha pili, Ryzen 5 5600X, kilitangazwa kwa dola 299. Bei hizo ni za wakati huo, nasi twazitumia kwa kulinganisha tu.

1. Kichakataji, kiini na uzi

Kitenzi chakata kimetumika tangu zamani katika mashamba ya mkonge: jani huchakatwa hata zikatoka nyuzi. Kukihamishia kitenzi hicho kwenye kompyuta, au tarakilishi kama waitavyo wengi wa wenzetu wa Kenya, ni sawa, kwani hapa pia kitu ghafi huingia na kitu cha kufaa hutoka. Baadhi ya waandishi hutumia kichakato. Sisi twapendelea kichakataji, kwa sababu kiambishi -ji chaonyesha mtenda, na kwa sababu kichakato hukaribiana mno na mchakato, ambao ni mwenendo wa kazi wala si chombo.

Kiini ni sehemu ya kichakataji iwezayo kufanya kazi kamili peke yake. Uzi ni mfululizo mmoja wa maagizo. Kila kiini cha vichakataji vyetu huweza kushika nyuzi mbili kwa pamoja. Hivyo 5950X ina viini 16 na nyuzi 32. 5600X ina viini 6 na nyuzi 12. Mfasiri asizichanganye hesabu hizo. Kusema “viini 32” ni kumwongezea muuzaji bidhaa asiyokuwa nayo.

2. Kasi ipi?

Neno kasi limebebeshwa mizigo mitatu, na yafaa kila mzigo upate mchukuzi wake.

Mzigo wa kwanza ni idadi ya mapigo kwa sekunde, ipimwayo kwa gigahezi. Watu wengi hudhani kwamba mwenye mapigo mengi ndiye mwepesi. Sivyo. 5950X ilitanguliwa mwaka 2019 na 3950X, yenye viini 16 vilevile. Mapigo ya msingi ya ile ya zamani yalikuwa gigahezi 3.5, na ya mpya ni 3.4, mapigo ya juu yalipanda kidogo tu, kutoka 4.7 hadi 4.9. Maendeleo makubwa yalikuwa mahali pengine: AMD ilieleza kwamba kazi ifanywayo katika kila pigo iliongezeka kwa wastani wa asilimia 19. Kwa hiyo hapa tuseme mapigo, tusiseme kasi.

Mzigo wa pili ni muda wa kumaliza kazi moja. Huu ndio tungependa uitwe kasi.

Mzigo wa tatu ni wingi wa kazi zimalizwazo katika muda fulani viini vyote vikishiriki. Huu twapendekeza uitwe uwezo wa jumla. Kasi na uwezo wa jumla, vikichukuliwa pamoja, ndivyo utendaji.

Tofauti ya mizigo hii miwili ya mwisho yaonekana jikoni siku ya karamu. Kuchambua mchele kwaweza kugawiwa watu kumi na kukaisha mapema. Lakini wali ukishatelekwa, hauivi upesi kwa sababu wapishi wamezidi. Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl wa Marekani aliieleza hoja hii, na kanuni yake ingali ikiitwa kwa jina lake. Tukichukulia kwamba viini vina nguvu sawa, kazi ambayo nusu yake tu yagawanyika itakwenda mara 1.71 ya mwendo wa kiini kimoja ikipewa viini 6, na mara 1.88 ikipewa 16. Nyongeza ni kama asilimia 10, hali bei imepanda mara 2.67. Kazi igawanyikayo kwa asilimia 95, kama vile kuchora picha za sinema, itakwenda mara 4.8 kwa viini 6, na mara 9.1 kwa viini 16. Hapo nyongeza yakaribia maradufu.

3. Wati za nini?

Vyeti vya 5950X huonyesha wati 105. Wafasiri wengi huandika “hutumia umeme wa wati 105”. Hilo ni kosa. Kipimo hicho chamwelekeza fundi achague kipozaji kiwezacho kuondoa joto. Umeme ambao kichakataji hicho huruhusiwa kuvuta kikiwa katika mpangilio wake wa kawaida hufika wati 142. Twapendekeza kipimo cha joto kwa ile ya kwanza, na kikomo cha umeme kwa ya pili.

4. Thamani na bei

Watumishi wa serikali wamezoea kusema thamani ya fedha wakimaanisha manufaa yanayolingana na gharama. Lakini kwa wanauchumi maneno hayo hayo ni nguvu ya shilingi sokoni. Ili kuepuka utata, twapendekeza tija ya gharama.

Tija hiyo haimo ndani ya chombo. Tukigawanya bei kwa viini, 5950X na 5600X zote zatoka kama dola 50 kwa kiini, na mtu angedhani ni mamoja. Kumbe kwa karani aandikaye barua, viini kumi vya ziada ni fedha iliyolala. Kwa mchoraji wa sinema ni siku za kazi zilizookolewa. Tena, 5600X iliuzwa pamoja na kipozaji, na 5950X iliuzwa bila hicho. Gharama, basi, si bei iliyobandikwa peke yake.

Hitimisho

Sentensi tuliyoanza nayo sasa yaweza kuandikwa hivi: “Kichakataji kimalize kazi za majaribio zilizoorodheshwa katika kiambatisho, kwa programu zinazotumika ofisini, katika muda usiozidi uliotajwa, na zabuni zilinganishwe kwa tija ya gharama, zikihesabiwa bei ya kichakataji, kipozaji na umeme.” Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini muuzaji hawezi kuikwepa.

Walimu wazijaribu istilahi hizi darasani, na wafasiri katika kazi zao. Penye neno bora zaidi, tunaomba tuletewe, pamoja na sentensi ambamo limetumika.