Maswali ya ukomo wa hedhi: kutafsiri pekee hakutoshi

Mwanamke wa Samad Ash Shan, Oman, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 za Sentigredi, akiulizwa iwapo huhisi joto, atajibu nini?

Hojaji ya MRS, iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina maswali 11, kila moja likipewa alama 0 hadi 4. Imetafsiriwa katika lugha nyingi, Kituruki kikiwemo.

Kwa Waswahili, "joto" laweza kuwa hali ya hewa au homa. Yafaa kuuliza juu ya joto linalopanda ghafla kifuani na usoni, likifuatwa na jasho.

Ndiyo maana mfasiri wa pili huirudisha tafsiri katika lugha ya kwanza, kisha wanawake wenyewe huulizwa wameelewa nini. Swali lisiloeleweka laweza kumnyima mwanamke tiba.