Je, Wajua? Salfa, Fangasi na Udongo wa Mikorosho

JE, WAJUA kwamba salfa inayopulizwa kwenye mikorosho ya Newala na Masasi hufanya kazi mbili, na ya pili hakuna aliyeiomba? Ya kwanza mkulima anaijua: alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia, unga wa njano hunata na kumdhibiti fangasi wa ubwiriunga, yule anayevika machipukizi vumbi jeupe hadi maua yanakauka na kupukutika. Ya pili huanza unga uliobaki unapodondoka chini. Bakteria na baadhi ya fangasi wa udongoni huugeuza kuwa tindikali ya salfa.

Je, wajua kuwa korosho za Tanzania zilishuka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87? Ubwiriunga ulichangia, lakini tusimbambikie fangasi kesi nzima. Bei ilikuwa duni, na kuhamishiwa vijiji vya ujamaa kuliwaacha wengi mbali na mashamba yao.

Je, wajua tindikali huyeyusha alumini iliyokuwa imetulia ndani ya udongo? Ikishayeyuka, hudumaza mizizi michanga. Udongo wa kichanga hauna nguvu ya kuhimili tindikali kama mfinyanzi. Muhogo huvumilia hali hiyo. Mahindi hulalamika mapema.

Je, wajua mwili wa mtu mzima unahitaji mikrogramu 55 hivi tu za seleniamu kwa siku? Ni kidogo mno, lakini tezi ya shingo haifanyi kazi vizuri bila hiyo. Katika udongo wenye tindikali, seleniamu hung'ang'ania kutu ya chuma, mmea ukakosa cha kuchukua. Salfa nayo hugombea mlango uleule wa kuingilia mizizini. Nchini Malawi watafiti wamekuta upungufu wa seleniamu umeenea, hasa panapoliwa mahindi ya udongo wa aina hiyo.

Je, wajua kuna fangasi wanaoigeuza seleniamu kuwa chembe nyekundu, na wengine kuwa gesi inayonuka kama kitunguu saumu? Ndiyo njia yao ya kujiepusha na sumu yake inapozidi.

Je, wajua fangasi wema huishi na mizizi ya mkorosho wenyewe? Huuletea fosforasi na kulipwa sukari. Nyuzi zao pia hunasa metali nzito kwenye kuta zake, ingawa kinga hiyo ina kikomo.

Je, wajua uyoga, ambao nao ni fangasi, hukusanya kadimiamu na zebaki kuliko mboga nyingi? Ule wa msituni ni sawa, mradi unaufahamu. Unaoota kando ya barabara kuu au kwenye kifusi cha mgodi uache.

Nawe mwenye shamba lililopulizwa salfa miaka nenda rudi, pima udongo kabla ya kuchanganya mahindi na mikorosho. Ukikuta tindikali imezidi, dawa yake ni chokaa. Watafiti wa korosho wako Naliendele, Mtwara. Waulize kiasi gani.