KURUDISHA MAGONGO KUSIWE MATANGA

Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Usemi huo huwahusu wenye madeni ya fedha, lakini unadhihirika pia katika wodi za mifupa, ambako wagonjwa huazimishwa magongo na viti vya magurudumu, kisha vifaa hivyo visirejee.

Hasara yake haipimwi kwa bei ya chuma. Mfupa wa paja uliovunjika huchukua kiasi cha miezi mitatu hadi sita kuunga. Kwa hiyo jozi moja ya magongo ingeweza kuwahudumia watu wawili au watatu kwa mwaka. Ikibaki uvunguni mwa aliyekwisha kupona, majeruhi mwingine, ambaye daktari amekwisha kumruhusu, huendelea kulala hospitalini kwa kukosa cha kuegemea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalitangaza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, kuanzia miwani hadi viti vya magurudumu, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wenye kuvihitaji.

Ni rahisi kumlaumu mgonjwa kuwa si mwaminifu. Lakini tuitazame njia anayotakiwa kuifuata. Majeruhi wa bodaboda aliyetoka Kisoro na kutibiwa Mulago, Kampala, yuko zaidi ya kilomita 400 kutoka hospitalini. Nauli yake huenda ikaishinda thamani ya magongo yenyewe. Dhamana ya fedha nayo si dawa: asiye nacho hunyimwa kifaa, na mwenye nacho huiacha dhamana akajiona amekinunua. Jeshini kila kitu hutoka bohari kwa saini na hurudi kwa saini. Ila hata askari mwaminifu angelegea kama bohari ingekuwa mwendo wa siku mbili.

Basi yafaa bohari isogezwe. Uganda ina vituo vya afya hadi vijijini, na Bohari ya Taifa ya Dawa huvipelekea dawa kila baada ya miezi miwili. Gari likishapakua dawa, lina nafasi ya kupakia magongo yaliyorudishwa kituoni. Kila kifaa kiandikwe namba kwa rangi. Mgonjwa aonyeshwe kituo cha karibu siku anapotoka wodini, na akumbushwe kwa simu. Ndugu, jirani au mhudumu wa afya wa kijiji aruhusiwe kukipeleka kwa niaba yake. Aliyechelewa apokewe kwa shukrani, asitozwe faini.

Kazi inayobaki ni ndogo: kuosha kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, kukaza skrubu, kukagua kama chuma kimepinda, na kubadili raba ya chini iliyolika.

Nawe, ndugu mwananchi, usingoje gari. Tazama nyuma ya mlango wako. Magongo yaliyokusimamisha jana yana mtu anayeyangoja leo.