Wi-Fi ya laptopu imegoma? Jaribu haya kabla ya kwenda kwa fundi

Uko hosteli pale SUA au Mzumbe, giza limeshaingia, na kazi ya mhadhiri inatakiwa kabla ya saa sita usiku. Unafungua laptopu, Wi-Fi haipo. Simu inashika vizuri tu. Tulia kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoharibika, imezimwa tu.

Hatua hizi ni za Windows 10 na 11.

1. Tafuta kindege. Ukiona alama ya ndege chini kulia mwa skrini, mawasiliano yasiyo ya waya yamezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na A, zima kindege, kisha washa Wi-Fi.

2. Kagua vitufe vya juu. Kati ya F1 na F12, tafuta chenye picha ya ndege au mnara, ukibonyeze pamoja na Fn. Ni rahisi kukigusa bila kujua. Baadhi ya laptopu za zamani zina swichi ndogo ubavuni au mbele.

3. Bado? Bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, kisha Enter. Wi-Fi ikiwa na rangi ya kijivu, ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Enable.

4. Chagua Restart, siyo Shut down. Kompyuta nyingi zikizimwa kwa Shut down huhifadhi sehemu ya mfumo ili ziwake haraka, na tatizo linaweza kubaki humo humo.

Muda unakimbia? Chomeka simu kwenye laptopu kwa waya wa USB, washa data, kisha washa kugawa intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu. Tuma kazi kwanza, mengine baadaye. Ila angalia bando: Windows ikianza kupakua masasisho, litaisha chap.

Na kama Wi-Fi imeunganishwa lakini kurasa hazifunguki, usiilaumu laptopu. Ukiwa Mgeta au bonde lingine la Uluguru, mlima unaweza kukinga mawimbi ya mnara. Hapo sogeza simu inayogawa intaneti dirishani, au panda sehemu iliyo wazi.

Kwenye hatua ya 3 Wi-Fi haikuonekana kabisa? Hapo sasa mwone fundi, na umweleze ulichokwisha jaribu.